Dada Yetu Chanuo, Aliyewafutia Watu Madeni ya Hospitali

Ndugu na jamaa, majirani, wateja wake wa saluni, na waheshimiwa madiwani mlioketi safu ya mbele: familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu. Wengi mnanijua, ni fundi bomba, si msemaji. Haya nitakayosoma ndiyo yaliyochapishwa kwenye ratiba mliyoshika. Jana jioni watu wawili wenye nia njema walinishauri nipunguze makali. Nimepunguza sehemu moja, ile ya utotoni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mlinzi wa ghala na mama aliyeshona magunia. Mkunga aliyempokea alimwambia mama, "Huyu amekuja na kofia yake," kwa sababu nywele zilimfunika hadi masikio. Mtaa ule ulinuka sabuni saa zote, na marehemu alipenda kusema kwamba sisi ndio watoto pekee mjini tuliochapwa kwa uchafu huku tukinukia.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1979. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alimkuta anamsuka mwenzake chini ya dawati. Akamsimamisha mbele ya darasa.

"Wewe unataka kuwa nini maishani?"

"Msusi, mwalimu."

Alichapwa kwa jibu hilo. Miaka mingi baadaye mwalimu yuleyule aliingia saluni, akaketi, akavua kitambaa. Dada akamuuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, nianze kusuka, au nifute ubao kwanza?" Mwalimu alicheka mpaka akashindwa kutulia kwenye kiti, na tangu siku hiyo hakusukwa na mtu mwingine. Elimu ya sekondari dada aliifikisha kidato cha pili. Baba aliumia mgongo kazini, mshahara ukakatika, na ada ikakosekana. Hakuwahi kulilia jambo hilo mbele yetu.

Kazi aliianza kwenye kibaraza cha duka la viatu. Mwenye duka alimruhusu kukaa pale kwa sharti kwamba nywele zisipeperukie kwenye viatu vyake. Mwaka 1994 alipanga chumba chake mwenyewe, ile saluni ya mlango wa bluu mnayoijua wote, yenye viti viwili na kioo kilichopasuka kona. Chanuo alilichomeka kichwani asubuhi na kulitoa wakati wa kulala, na jina likatokana na hapo. Hata watoto wake walipoandikishwa shule, mwalimu alipouliza jina la mama, walijibu "Mama Chanuo."

Saluni ile ilikuwa na sheria moja. Ukianza kumsema mtu asiyekuwepo, msuko ulikazwa mpaka machozi yakutoke. Nawaona akina mama kadhaa hapa wanainamisha vichwa. Mnajijua.

Alifunga ndoa mwaka 1997 na fundi redio wa mtaa wa pili. Namna walivyopatana ilikuwa siri ya familia, lakini wote wawili sasa wameondoka, hivyo naisema. Drya ya saluni ilikuwa inaharibika kila wiki. Fundi alikuja, akafungua, akakaza waya mmoja, akaondoka. Wiki iliyofuata waya umelegea tena. Alidhani ni mtikisiko wa malori barabarani, hata akapendekeza drya ihamishiwe ukuta wa pili. Siku moja aliwahi kabla ya kuitwa, akamkuta dada ameshika bisibisi.

"Kumbe lori lenyewe ni wewe," akamwambia.

Mungu aliwajalia binti na mtoto wa kiume. Shemeji yetu alikuwa mtu mpole, mcheshi kwa sauti ya chini, na drya ile haikuharibika tena mpaka leo.

Mwaka 2014 figo za shemeji zilianza kushindwa kazi. Alianza kusafishwa damu katika hospitali kuu ya mji, ambayo ni mali ya baraza la mji. Dada aliuza redio zote zilizokuwa dukani kwa mumewe, akauza kiwanja walichokuwa wamenunua, akabakiza drya na viti. Shemeji alifariki mwezi Machi 2016. Tulipokwenda kumchukua, dirisha la malipo lilitujibu maneno mawili: "Mwili hautoki."

Dada aliketi kwenye benchi la ukutani pale chumba cha maiti. Sisi tulizunguka kwa ndugu na marafiki tukikusanya, kila tulichokileta kikapunguza kidogo tu lile deni. Mwishowe walimletea karatasi ya ahadi ya malipo, akasaini, ndipo mumewe akaachiwa. Mwanamke anafiwa, halafu anawekewa kalamu mkononi kabla hajafuta machozi. Nimeyasema haya polepole ili kila aliye hapa asikie, kwa sababu yalitokea tena wiki hii.

Alirudi saluni na kuanza kulipa. Mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, na simu za wakusanya madeni katikati. Siku moja simu ililia akiwa amemshika mteja kichwa. Alipomaliza kujibu, mteja akamwambia, "Hiyo sauti naijua. Huyo kaka ananipigia na mimi." Mwanamke wa kiti cha pili naye akasema anaijua. Wa tatu, aliyekuwa akisubiri zamu, alianza kulia. Dada alituhadithia kwamba siku hiyo hakuweza kusuka tena kwa hasira.

Mteja wake mmoja, mama wa pacha, hakuonekana kwa muda mrefu tangu aende kujifungua. Dada alimfuata hospitali. Alimkuta kwenye chumba cha nyuma ya wodi ya wazazi, yeye na wanawake wengine ambao walishapona na kuruhusiwa na daktari, ila hawakuruhusiwa na dirisha la malipo. Walilala wawili wawili kitandani pamoja na vichanga vyao. Mlinzi alikaa mlangoni. Mchana walipewa ndoo na matambara wadeki ukumbi.

Dada akachomoa chanuo kichwani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kumsuka mama wa pacha. Akamaliza, akamwita wa pili. Mlinzi akaja juu.

"Mama, hapa si saluni."

"Na si gereza pia," dada akamjibu. "Ukiniambia hawa wamefungwa kwa kosa gani, naondoka sasa hivi."

Mlinzi alirudi kwenye kiti chake, na dada akasuka mpaka vidole vikamuuma. Alipokuwa akitoka alimuuliza mlinzi, kwa upole safari hii, hospitali ile ni ya nani. Mlinzi akasema ni ya baraza. Na baraza ni la nani? Mlinzi akacheka, akasema, "Mama, hilo kawaulize wenyewe."

Akaenda kuwauliza. Alikwenda na akina mama wa saluni, akaenda peke yake, akaandika barua, akakaa kwenye ngazi za ofisi ya baraza. Mwaka ule baraza lilinunua gari jipya la mwenyekiti, na akina mama wakaambiwa bajeti imebana. Baada ya kusubirishwa kiasi cha kutosha aliamua kugombea udiwani. Watu walicheka: msusi, kidato cha pili, mjane mwenye deni! Hakuwa na mabango wala gari la matangazo. Kila aliyesukwa alitoka na ujumbe. Mwaka 2019 alishinda, na wale waliocheka walikuja kumpongeza wakiwa wamevaa suti.

Hoja yake haikuwa ngumu kueleweka. Kila mwaka baraza lilibaki na fedha za ushuru wa soko na maegesho ambazo hazikutumika. Alitaka sehemu ya fedha hizo iingie hospitalini kufuta madeni ya wakazi wasio na uwezo. Mganga mkuu mwenyewe alikubali kupunguza sehemu kubwa ya madeni hayo, kwa kuwa alijua hayalipiki, mradi apate chochote cha kununulia dawa. Ilimchukua dada karibu miaka miwili hoja ifike mezani.

Siku ya mjadala, mwaka 2021, nilikuwa kwenye viti vya wananchi, na mlinzi alitishia kunitoa mara mbili. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, ambaye tunashukuru amefika kutufariji leo, alisimama akasema watu watazoea vya bure.

Dada akauliza, "Mheshimiwa, nani amezoea kuugua?"

Mheshimiwa akasema hizo ni hela za walipa kodi.

"Na hao wadaiwa ni wageni kutoka wapi?" dada akamjibu. "Ushuru wa soko analipa nani, kama siyo huyohuyo mama wa nyanya mnayemdai dripu?"

Hapo Mheshimiwa akabadilisha njia. Akauliza kwa tabasamu, "Tuambie basi, jina lako wewe limo kwenye madeni hayo, au halimo?"

"Limo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mheshimiwa akageukia wenzake, akasema, "Anajipikia na kujipakulia."

Niliona shingo ya dada ikikakamaa. Sisi tuliokua naye tulijua maana ya shingo ile. Akasema, "Andikeni hapohapo. Deni langu lisiguswe. La mume wangu, langu, lolote. Wengine wafutiwe, mimi niachieni la kwangu. Mmeridhika?"

Waliridhika. Sijawahi kuona kitu kikiandikwa haraka vile katika ofisi ya umma. Hoja ilipita kwa tofauti ya kura mbili.

Mwezi Februari mwaka uliofuata, familia za kwanza ziliitwa uwanja wa hospitali kupokea hati za kufutiwa deni. Kila jina liliposomwa, mtu alishuka ngazi akicheka au akilia, na wengine vyote kwa pamoja. Mama wa pacha alikuja na watoto wake, sasa wakubwa wa kukimbia, akamnyanyua dada juu, wote wawili wakaanguka kwenye maua ya mganga mkuu. Kile chumba cha nyuma ya wodi kilifungwa. Sasa wanahifadhia magodoro. Familia mia kadhaa za mji huu zinalala bila kuogopa simu kwa sababu ya mwanamke huyu aliye ndani ya jeneza hili.

Ilikuwa siku hiyohiyo ya furaha ambapo mfagiaji mmoja wa barabara alimvuta pembeni. Jina lake halikusomwa. Alikwenda kuuliza, akaambiwa yeye ni mtumishi wa baraza. Dada akataka aonyeshwe sheria ndogo ilivyochapishwa. Kifungu cha nne kilisema kwamba hatanufaika na mpango huu "diwani yeyote, mtumishi yeyote wa baraza, wala mwanafamilia wao." Dada alikuwa amejitoa mwenyewe, mtu mmoja. Mezani kwa kamati ya fedha alichukuliwa mtu mmoja yule, wakaongezwa wafagiaji wote, wazoa taka wote, wapishi wa hospitali, walinzi. Hata yule mlinzi wa wodi alikuwa na deni la upasuaji wa mkewe. Wachimba makaburi ni watumishi wa baraza. Wale vijana wanne waliosimama pale na sepetu, waliochimba hapa tangu alfajiri, wawili wao wanadaiwa na hospitali ambayo mwajiri wao ndiye mwenye mali.

Waliofanya hivyo hawakukosea herufi. Walijua. Mishahara ya watumishi hao hulipwa na baraza lenyewe, kwa hiyo walijua deni lao halitapotea, litakatwa humohumo.

Miaka miwili ya mwisho ya maisha yake dada aliitumia kudai kifungu cha nne kifutwe. Mara tatu hoja iliwekwa kwenye ajenda, mara tatu ikaahirishwa. Mara ya kwanza muda ulikuwa umekwisha. Mara ya pili kulikuwa na ugeni. Mara ya tatu mwenyekiti wa kamati ya fedha alikuwa na udhuru, na nyaraka zilikuwa kwenye gari lake.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama uvimbe mdogo kwenye titi, mwanzoni mwa mwaka 2023. Aliuona, akaenda hospitali. Jambo hili tumelijua juzi tu, kutoka kwa msichana wa dirisha la malipo, ambaye naye ni mteja wa saluni. Alimwambia dada, huku hawezi kumtazama usoni, "Mama Chanuo, mashine inakataa. Una deni la nyuma. Inataka ulipe nusu ndipo ifungue faili jipya." Madiwani wa mji wetu hawana bima, wana posho ya kikao, na posho ya dada ilikuwa ikipitia dirisha lilelile kila mwezi kulipia figo za marehemu mumewe. Akamwambia msichana, "Usijali mwanangu, siyo kosa lako." Akageuka, akarudi kusuka. Hakumwambia binti yake, wala mimi.

Kwa nini hakutuambia? Nimelala na swali hili na nimeamka nalo. Nadhani aliogopa tutauza vitu, kama yeye alivyouza. Na nadhani aliona aibu kuomba, baada ya kusema mbele ya ukumbi mzima kwamba lake lisiguswe. Nimemkasirikia kwa hilo, dada yangu, na kama angekuwa hai tungegombana mpaka majirani watoke nje.

Tulipokuja kugundua, alikuwa hawezi tena kuinua mkono wa kushoto, na msusi asiyeinua mkono hafichiki. Akina mama walichanga, tukamlaza. Daktari alituita kando, akasema ugonjwa umeshasambaa, na kwamba angeanza matibabu mwaka uliopita angekuwa anatuambia mambo mengine. Daktari yule hakuwa na haja ya kusema hivyo, lakini namshukuru kwamba alisema.

Wodini alibaki yuleyule. Aliwaambia wauguzi nani amesukwa vibaya na nani ametapeliwa nywele za bandia. Jioni moja alimshika binti yake mkono, akamwambia, "Kile kifungu nilikitamka kwa hasira. Wao walikiandika wametulia. Usije ukafikiri ni kitu kimoja." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, binti yake akiwa anamfunga kitambaa kichwani.

Tulipokwenda kumchukua, dirisha lilisema mwili hautoki.

Mheshimiwa wa kamati ya fedha alifika kabla ya saa sita mchana, na mpiga picha. Alikuja na bahasha kubwa, akasema baraza limeguswa na lingependa kulipa deni lote la mwenzao kama heshima ya mwisho. Binti wa marehemu ana umri wa miaka ishirini na mitatu. Anasoma ualimu. Alisimama mbele ya bahasha ile, akaikunjia mikono nyuma.

"Mheshimiwa," akasema, "baraza likiwa na hela ya kumtoa mama yangu, lina hela ya kuwatoa wafagiaji. Nendeni mkafute kile kifungu, kisha mje na bahasha."

"Mwanangu, mambo ya kikao yana utaratibu wake."

"Na mimi nimefiwa kwa utaratibu huohuo."

Mpiga picha alishusha kamera. Wakati huo ukumbi wa chumba cha maiti ulikuwa umeanza kujaa. Mama wa pacha alifika na watoto. Akafika mama wa nyanya, wakafika wanawake wa saluni, wafagiaji na maoverolo yao, watu ambao majina yao yalisomwa uwanjani. Hakuna aliyepiga kelele. Waliketi chini ukutani, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wa machela wakakosa njia. Mganga mkuu akatoka ofisini, akawatazama, akamwomba binti asaini ahadi ya malipo, mwili utoke. Nilitaka kumzuia. Akaniambia, "Mjomba, mama anasubiri," akasaini.

Hivyo ndivyo dada yetu alivyofika hapa. Kwa saini ya mtoto wake, kama baba wa mtoto huyo alivyotoka kwa saini ya mkewe. Kuna watu watakaosema leo kwamba aliupenda mji huu kuliko nafsi yake, na maneno hayo yataonekana mazuri kwenye gazeti. Mimi nasema alidhihakiwa mbele ya watu akajibu kwa heshima, na heshima yake ikatumiwa kumwua.

Marehemu ameacha binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja, ndugu wanne, shangazi mmoja, wajukuu bado, wanafunzi sita wa ususi ambao kesho kutwa watafungua mlango wa bluu kama kawaida, na deni la hospitali ambalo sasa liko kwa jina la mtoto wake. Ameacha pia hoja moja ambayo haijajadiliwa. Diwani mwenzake wa kata ya reli ameniahidi mbele ya mashahidi kwamba ataiwasilisha yeye. Kikao ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na viti vya wananchi viko upande wa kulia ukiingia. Waheshimiwa, safari hii njooni na nyaraka.

Mungu amlaze dada yetu mahali ambapo hakuna dirisha la malipo, na ampe usingizi mzito alioukosa kwa miaka minane. Chanuo, pumzika. Alhamisi tutakwenda.